Nimekuta kambale wanatembea njiani usiku, na dimbwi lilishakauka. Walikuwa wapi?

MwalimuMpya

Habari zenu wanajukwaa, na shikamooni wakubwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku bonde la Kilombero, ng'ambo ya mto ukitokea Ifakara. Huu ni mwaka wangu wa pili. Nimezaliwa na kukulia Singida, samaki tulikuwa tunamwona tayari mkavu, ndani ya gunia. Kwa hiyo swali langu likiwa la kitoto mnivumilie.

Jumanne mvua kubwa ya kwanza ilipiga tangu alasiri hadi saa tatu usiku. Saa nne hivi nikawa natoka kwa jirani yangu aliyekuwa na mtoto mwenye homa. Njia yetu inapita kati ya shimo kubwa walilochimba kifusi cha barabara na majaruba ya mpunga. Maji yalikuwa yanateremka kutoka majarubani, yanakatiza njia, yanaingia shimoni, kina chake hakifiki kwenye kifundo cha mguu. Nikasikia kitu kinachapachapa majanini. Nikajua nyoka. Nikawasha tochi ya simu, nikakuta kambale. Mmoja mbele, wenzake nyuma, jumla tisa. Mkubwa alikuwa na urefu wa mkono wangu kuanzia kiwikoni hadi ncha za vidole.

Kilichonishangaza ni kwamba hawakuwa wanagaagaa kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Walikuwa safarini. Kichwa juu kidogo, mwili unapinda kushoto na kulia, penye maji wanaogelea, pasipo na maji wanajisukuma. Na wote walikuwa wanapanda, kuelekea kule maji yanakotoka.

Sasa, shimo lile mwezi wa kumi lilikauka. Wanafunzi wangu walilifanya njia ya mkato, na pembeni nyufa zake zilikuwa zinameza kiganja. Hakuna aliyepandikiza samaki humo. Mto uko mbali, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu. Bibi mwenye nyumba yangu anasema kambale hudondoka na mvua. Mumewe anambishia, anasema udongo ndio unaowazaa. Nafundisha sayansi darasa la tano, na watoto wamesikia habari hii tayari. Kesho kutwa nitaulizwa.

Jambo moja zaidi: mmoja nilipomshika tumboni alinimwagia vipunje vya kijanikijani vinavyonata mkononi. Na niseme ukweli, wawili tuliwala. Saba waliendelea na safari yao.

Chapakazi_88

Mwalimu, umekutana na samaki wanatembea usiku wa manane, ukasimama ukawahesabu? Mimi mngenipokea Singida asubuhi, bila viatu.

BwanaSamakiMstaafu

Marahaba mwalimu. Kwanza ondoa hofu, swali lako si la kitoto. Nimekuwa bwana samaki kwa miaka zaidi ya thelathini, sehemu kubwa hapo hapo bondeni, na swali hilo nimeulizwa na wakubwa wenye magari.

Bibi na babu wote wawili wamekaribia ukweli kuliko wanavyojua. Bibi ameona kuwa kambale huja na mvua, na ni kweli. Babu ameona kuwa hutoka udongoni, na hilo nalo ni kweli kwa sehemu. Walichokosea ni asili tu.

Samaki wako ni Clarias gariepinus. Sisi tuliosoma chuo cha uvuvi Nyegezi zamani tulifundishwa kumwita Clarias mossambicus, na wenzetu wa kaskazini huko Misri walimwita Clarias lazera. Miaka ya 1980 Mbelgiji mmoja, Guy Teugels, aliwapanga upya kambale wa Afrika, akaonyesha kwamba hao wote ni aina moja. Likabaki jina la zamani kuliko yote, alilolitoa Burchell mwaka 1822 kwa samaki wa mto Gariep, ambao leo ramani nyingi zinauita Orange. Kwa hiyo kambale wa njia yako ya shule ana ndugu kuanzia Afrika Kusini hadi Nile, na akavuka mpaka Israeli, Siria na kusini mwa Uturuki. Samaki wa maji baridi wenye miguu mirefu namna hiyo si wengi. Nimesema miguu, utaona kwa nini.

Mshike tena siku nyingine, kwa adabu, umtazame. Hana magamba, ngozi yake ni ute mtupu. Kichwa bapa, kigumu kama kigae. Ndevu nane. Pezi la mgongoni limeanzia karibu na kisogo likateremka hadi karibu na mkia. Halafu yale mapezi mawili ya kifuani: kila moja limetanguliwa na mwiba wenye meno upande wa nje. Huo ndio mguu wake. Anauchoma ardhini wa kushoto, anapinda mwili, anachoma wa kulia. Kidole gumba changu cha mkono wa kulia hakijanyooka sawasawa tangu mwaka nilipomshika vibaya mmoja wa kilo nne hivi, kwa hiyo namheshimu.

Anaishije nje ya maji? Juu ya matamvua, pande zote mbili za kichwa, ana chumba. Ndani yake mna kitu kama mti mdogo mwekundu wenye matawi, kama ua la koliflawa lililojaa damu. Hapo ndipo anapovutia hewa hii hii tunayovuta mimi na wewe. Wale wawili mliowala, kama nyumbani mlitupa vichwa, mmetupa somo. Kata nyuma ya kichwa uwaonyeshe watoto. Hakuna mchoro wa ubaoni utakaofika hapo. Kwa sababu ya mti huo, usiku wenye unyevu, ngozi ikiwa imelowa, anaweza kukaa nje ya maji kwa saa kadhaa. Jua likiwaka ngozi inakauka naye anakufa. Ndiyo maana uliwakuta saa nne usiku, hukuwakuta saa nne asubuhi.

Sasa swali lako kubwa, walikuwa wapi. Unasema shimo lilikauka. Je, ulichimba katikati? Watu wengi wanatazama nyufa za pembeni wanahukumu. Shimo la kifusi lina kitako, na kitakoni, hasa penye matete, tope hubaki bichi hata juu pakipasuka. Kambale anajizika humo, anachimba kijitundu, anapanda usiku kuvuta hewa, anashuka. Anasubiri. Hali chochote cha maana, anakonda, kichwa kinabaki kikubwa mwili umesinyaa. Kama tope lenyewe lingekauka kabisa asingepona. Hilo analiweza kamongo peke yake, ambaye hujifunika ganda la ute kama mtu aliyejiviringisha shuka. Kambale hana ganda. Anachohitaji ni unyevu.

Lakini sidhani wote tisa walilala shimoni. Wengine huenda walifika kwa mfereji kutoka kwenye kijito saa za mwanzo za mvua, ukiwa bado kwa jirani. Niambie mambo mawili: walikuwa wanene au wamekonda? Na je, kuna mfereji wa mpunga unaoungana na shimo?

Kuhusu vipunje: hayo ni mayai. Ulikatiza msafara wa harusi, mwalimu. Nitarudi kwenye hilo, naitwa kula.

MtotoWaMalinyi

Mzee shikamoo, umenikumbusha nyumbani.

Naongezea la matundu. Marehemu baba alikuwa mvuvi, kiangazi vijito vikibaki vidimbwi alikuwa hatumii nyavu wala ndoano. Alikuwa na fimbo. Anaichoma kwenye ukingo chini ya mizizi, akihisi inazama kwa ulaini anajua kuna tundu la kambale. Na usiku tukilala kwenye kambi ya uvuvi tulikuwa tunamsikia. Kimya, kimya, halafu "pwa!" Ni yeye amepanda kuvuta hewa. Baba alikuwa anahesabu zile "pwa" anatuambia kesho tutakula wangapi. Mara nyingi alipatia.

Jamani msimwige. Tundu kubwa ukingoni si la kambale peke yake. Mamba naye hupenda kivuli, na kenge vilevile. Mjomba wangu aliacha vidole viwili huko.

Mwalimu, umesema walikuwa wanapanda juu kufuata maji yanakotoka. Sisi tunaliita hilo "kupanda mbuga". Migono yote, ile mitego ya samaki, huwekwa siku hiyo, mdomo ukielekea chini, kwa sababu samaki anatoka chini. Wiki zikipita unageuza migono, mdomo unaelekea juu, kwa sababu sasa anarudi mtoni. Mvuvi anayesahau kugeuza anarudi na majani.

MwalimuMpya

Asanteni sana. Babu, nimekwenda leo kabla ya kipindi cha kwanza, nimechukua na wanafunzi wanne wenye majembe.

Katikati ya shimo kwenye matete jembe liliingia lote na kutoka na tope jeusi linalonuka. Tulipata tundu moja, pana kama kikombe, limejaa maji. Halina samaki. Kuhusu unene, wale wawili tuliowala mmoja alikuwa mwembamba mwenye kichwa kikubwa kama ulivyoeleza, nikadhani ni mgonjwa. Mwingine, yule mwenye mayai, alikuwa amejaa kabisa. Mfereji upo. Unatoka upande wa kijito, unapita chini ya kalavati, kwa hiyo nadhani umeshanijibu: huyu mwembamba ni mwenyeji, huyu mnene ni mgeni.

Kichwa kimoja nilikifukua kutoka jalalani, paka alikuwa hajamaliza. Nimekikata kama ulivyosema. Darasa zima lilinyamaza. Halafu msichana mmoja akasema, "Mwalimu, ana mti kichwani." Nimeandika ubaoni hivyo hivyo.

Wameniuliza mawili nikashindwa. Kama ana uwezo wa kukaa mtoni kwenye maji mengi, kwa nini ajisumbue kutambaa kwenda kwenye majani ya kina cha kifundo cha mguu? Na kwenye maji ya tope kama yale anaonaje?

Nyamhongolo

Naingilia kidogo kutoka Mwanza, kwa sababu kuna watu humu najua watachanganya.

Huku kwetu ziwani kambale wengine wanamwita mumi. Kamongo ni kitu kingine kabisa ingawa kuna wanaomwita kambale mamba. Kamongo hana ndevu, mapezi yake ni kama kamba nne zinaning'inia, na ana mapafu ya kweli. Gogogo ni yule mdogo mwenye miiba mitatu migumu, ukimshika analia, na huko Kilombero nasikia mnamwita ngogo. Mbofu ana ndevu ndefu, na ukimtazama mgongoni karibu na mkia ana pezi la pili lenye mafuta, lisilo na mifupa. Kambale wa mwalimu hana hilo, ana lile moja refu tu. Mbofu mkimtoa majini anakufa haraka, hatembei kwenda popote.

Na huku kambale mdogo anauzwa hai kuwa chambo cha sangara. Anakaa kwenye ndoano usiku kucha bado anacheza. Uhai wake mgumu ndio unaomponza.

BwanaSamakiMstaafu

Nimerudi. Mwenyeji na mgeni, umesema vizuri kuliko mimi. Na huyo msichana mpe daftari jipya.

Nianze na macho. Macho ya kambale ni madogo, yanamsaidia kidogo. Anaona kwa ndevu. Zile ndevu nane ni vidole na ulimi kwa pamoja, anapapasa na kuonja kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo, ngozi ya kichwa chake ina vishimo vidogo sana vinavyohisi umeme dhaifu unaotoka kwa viumbe wengine. Mnawajua sulusulu, wale wenye mdomo kama mrija? Hao hutoa vishindo vya umeme kuulizana njia gizani. Kambale anawadukua. Kule Okavango, Botswana, maji yanapopungua, kambale hukusanyika kwa mamia, wanasogea pamoja pembezoni mwa mafunjo wakipiga mizizi kwa mikia, na wanaoliwa zaidi ni hao sulusulu. Watu wanasikia kelele na kuona ndege wamewatangulia juu. Sijaiona kwa macho yangu, na ni moja ya mambo yanayonisikitisha uzeeni.

Sasa la msafara. Watu wengi, hata maofisa wenzangu, wanaamini kwamba nyumbani kwa kambale ni mtoni. Mto kwake ni kama bweni. Nyumbani ni pale panapofunikwa na maji kwa miezi michache kisha panarudi kuwa nchi kavu. Fikiria: ardhi imekaa kiangazi chote, ina samadi ya mifugo, ina majani yaliyooza, ina mayai ya wadudu. Maji yakifika juu yake, ndani ya siku chache panachemka vijidudu. Samaki wakubwa wa mtoni, akina kitoga, hawafiki kwenye kina cha kifundo cha mguu. Joto ni zuri. Chakula kimejaa, maadui wachache. Wewe kama mama ungezalia wapi?

Kinachompa habari ni maji kupanda na kuanza kufunika majani makavu. Anatoka usiku ule ule, dume na jike. Kwenye majani dume hujikunja kama herufi U kuzunguka kichwa cha jike, wanatulia kidogo, jike anaachia mayai, anayatawanya kwa mkia. Yale mayai uliyoyashika yananata kwa sababu kazi yake ni kushika majani. Basi, hakuna malezi. Perege hubeba watoto mdomoni, kambale anamwachia Mungu na majani. Wazazi wanarudi kwenye kina. Mayai yanaanguliwa kwa siku moja, au moja na nusu kukiwa na ubaridi. Vitoto vinabaki kwenye majani vinakula, na vikifika urefu wa ncha ya kidole vinaanza kuteremka na maji.

Masika ya 1998, baada ya ile El Niño, nilikuta kambale wawili kwenye baraza ya ofisi yangu. Ofisi ilikuwa ya mabati, imejengwa mbugani, kwa sababu aliyechagua kiwanja alikuja kiangazi. Nilikasirika siku ile. Baadaye nikaelewa kwamba mvamizi ni mimi.

DadaVifaranga

Shikamoo babu. Ninatotolesha vifaranga vya kambale, na naona ulichosema kila siku kwa njia ya maumivu.

Bwawani jike ananenepa, mayai yanakomaa, halafu hatagi. Mwaka mzima hatagi. Ana maji, ana chakula, ana dume pembeni, lakini hajaona mbuga ikifunikwa. Yale mayai mwisho mwili unayanyonya tena. Kwa hiyo inabidi tumdanganye: tunachukua tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambale mwingine, tunaisaga, tunamchoma sindano jioni. Usiku ule mwili wake unaamini kwamba mafuriko yamefika. Asubuhi unamminya tumbo taratibu, mayai yanatoka kama mtama. Dume hamminyiki, ndiyo huzuni yake. Inabidi achinjwe ndipo upate mbegu. Jike anarudi bwawani, dume anarudi jikoni.

Mwalimu, jambo la kuwaambia watoto: kambale mchanga hana ule mti kichwani. Unaota baadaye, wiki mbili tatu hivi. Kabla ya hapo anategemea matamvua na ngozi peke yake, maji yakiharibika wanakufa wote kwa usiku mmoja. Nimelia sana. Na wakishakua kidogo, mwenye kichwa kikubwa anamla mwenzake. Usipowachambua kwa ukubwa kila mara, unaamka na wachache walioshiba.

MwalimuMpya

Dada, umenitia wasiwasi. Kama vitoto havina mti bado, na viko kwenye majaruba, mwenye jaruba akifungulia maji ili apalilie au aweke mbolea itakuwaje? Na nimeona pale njiani jana jioni mtu ameshaanza kuinua tuta. Anasema hataki maji ya barabarani yaingie kwenye mpunga wake. Kambale wengine watapitaje?

BwanaSamakiMstaafu

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na dunia, mwalimu, na ninaomba nafasi kidogo.

Bonde lote la mafuriko la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, karibu kilometa za mraba 8,000. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Nimeisimamia sheria hiyo kwa futi kamba mkononi. Ni nzuri. Lakini mwambie kambale. Mita 60 kutoka wapi? Kiangazi ukingo uko pale penye mtumbwi. Masika ukingo uko mlangoni kwa bibi mwenye nyumba wako. Tunapima ukingo wa kiangazi, tunaulinda, halafu ule wa masika, ambao ndio kitalu chenyewe, tunaujengea tuta, kalavati jembamba na barabara ya kifusi. Mtu anafika kwangu analalamika samaki wamepungua, ananionyesha kokoro, wavu wa kukokota, la jirani. Kokoro ni baya na chandarua ni kibaya zaidi, nimechoma vingi. Lakini ukiziba njia ya kupanda mbuga hata nyavu zote zikichomwa utapata kambale wa uzeeni tu, wanakufa mmoja mmoja bila wajukuu.

Simlaumu mwenye jaruba. Mpunga ndio ada ya shule ya watoto wake. Na jaruba si adui, ni mbuga iliyopangwa, kambale analipenda. Kinachomuua ni tuta lisilo na mlango na maji yanayofunguliwa yote kwa mara moja. Akiacha mlango mdogo upande wa mfereji, na siku ya kupunguza maji akiyapunguza polepole, huku kona moja ya chini imechimbwa kina cha magoti, vitoto vitakusanyika huko vyenyewe. Vitakula mabuu ya mbu na wadudu wengine. Mwisho wa msimu kona hiyo ni kitoweo.

Nenda kwake na huyo msichana wa mti kichwani. Usiende na sheria. Mimi nilienda na sheria miaka thelathini.

Chapakazi_88

Nilikuja kucheka, sasa natafuta kambale wa kukata kichwa.

MwalimuMpya

Wiki tatu zimepita, natoa mrejesho kama nilivyoahidi inbox kwa babu.

Mwenye jaruba alitusikiliza akiwa ameegemea jembe, hakusema kitu. Msichana wangu ndiye aliyeongea, akamwonyesha kile kichwa (tumekihifadhi kwenye chumvi, kinanuka). Mwishoni mzee akauliza, "Kwa hiyo watakula mbu?" Akakata tuta upana wa majembe mawili, akachimba kona.

Jana jioni tumeteka maji ya kona kwa bakuli jeupe. Mwanzoni nilidhani viluwiluwi vya vyura. Msichana akanirekebisha: viluwiluwi havina ndevu. Hivi vina ndevu, vyeusi, vichwa vikubwa, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Kimoja kilipanda juu ya bakuli, kikagusa hewa kwa mdomo, kikashuka.

Babu, ule mlango wa majembe mawili unatosha? Na kuna kijana ameshauona, naogopa ataweka mgono.

BwanaSamakiMstaafu

Unatosha. Mgono ataweka tu, kijana ni kijana. Mwambie asiuweke mlangoni, auweke hatua ishirini chini kwenye mfereji, na asubiri mpaka maji yaanze kushuka. Kama hajui mdomo uelekee wapi siku hiyo, amuulize mtoto wa Malinyi hapo juu.